Daftari la wiki: Kipanya na waya wa umeme

Jumatatu

Kinyozi wangu yuko Tandika, hatua chache nyuma ya soko, kwenye fremu yenye viti viwili na feni moja. Ukutani, pale ambapo vinyozi wengine hubandika picha za mitindo ya nywele, wiki hii nimekuta karatasi ya manila. Imechorwa panya mwenye masikio mapana, ameketi ndani ya gari dogo lenye kona nne kama boksi la sabuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unawapungia watu. Nyuma ya gari unatoka waya. Waya huo umepanda juu ya paa la kibanda cha chipsi, umeuzunguka mwembe mara mbili, umevuka barabara juu ya kichwa cha mama muuza mihogo, ukaishia kwenye nguzo ya umeme. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: KIPANYA KAPATA SHUGHULI MPYA.

Niliposogea kinyozi akanizuia kwa mkono ulioshika mashine. "Mzee, usiiguse, rangi bado mbichi. Ya mdogo wangu hiyo, yuko darasa la sita."

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa Kipanya ni nani. Kwa walio mbali, ni panya wa vibonzo aliyebuniwa na Ali Masoud, na wasomaji wa gazeti la Mwananchi wamemzoea kwa miaka mingi. Mchoraji na panya wake wameshikana hadi mchoraji mwenyewe anaitwa Masoud Kipanya, redioni na mitaani. Ndiyo maana Machi 2022, Masoud alipoonyesha hadharani gari dogo la umeme aliloliunda hapa hapa jijini na kulipa jina la Kaypee, habari ilifika mitaani kwetu ikiwa na sura yake: Kipanya ametengeneza gari. Mtu mzima alielewa kuwa ni mchoraji. Mtoto aliona panya kwenye usukani.

Nilinyolewa macho yangu yakiwa kwenye ule waya. Picha za gari lile zilienea na yeyote angeweza kuzinakili. Kijana huyu ameenda mbele zaidi. Amejiuliza gari la umeme litachajiwa wapi katika mtaa ambao nyumba ya wapangaji sita ina mita moja ya Luku, na swali lake amelijibu kwa penseli. Waya unapita kwa muuza chipsi, unapita kwa mama mihogo, na sura zao zote mbili zimechorwa zikiutazama. Mama ameinua kichwa. Muuza chipsi ameshika koleo, ameacha mayai yanaungua. Moshi wake umechorwa kwa kidole kilichopakwa unga wa penseli.

Jumanne

Nimekuwa nikifikiria kwa nini mhusika wa vibonzo akipata shughuli mpya tunashtuka kana kwamba ni ndugu yetu. Sababu ni mazoea. Mhusika wa gazeti hukaa nasi miaka ishirini, thelathini, akiwa na tabia zile zile, na tunamjua kama tunavyomjua jirani. Siku jirani uliyemzoea akiketi barazani anaonekana anakimbia mchakamchaka alfajiri, mtaa mzima utauliza kulikoni.

Mmarekani Charles Schulz aliijua siri hii. Alianza kuchora Peanuts mwaka 1950, na kwa miaka mingi mbwa wake Snoopy alikuwa mbwa tu. Julai 1965 akampandisha juu ya paa la kibanda chake na taipureta, akaanza kuandika riwaya. Oktoba mwaka huo huo akamfanya rubani wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kibanda kikawa ndege. Mbwa hakubadilika umbo hata kidogo. Kilichobadilika ni kile anachokipenda, na kuanzia hapo akawa mkubwa kuliko watoto wote waliomzunguka katika kile kibonzo.

Lakini Schulz alimpa mbwa wake shughuli kwa mkono wake mwenyewe. Kule Tandika aliyeshika kalamu ni msomaji.

Jumatano

Leo nimeteremsha sanduku la juu ya kabati, kutafuta madaftari yangu ya zamani. Niliyapata mawili.

Sisi tuliokua Kinondoni miaka ya themanini tulilelewa na Sani. Jina la jarida hilo lilitokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Ndani yake waliishi Kipepe, Chupaki, Pimbi, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Sikiliza majina yenyewe: lodi ambaye ni lofa, na mtu aliyeitwa kwa jina la nyoka wa vichwa viwili. Kabla hujafungua ukurasa ulishajua nani atadanganya na nani hana senti mfukoni. Kabla yao alikuwepo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, ambaye baba zetu walimtaja kama mtu waliyekutana naye stendi. Wenzetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyesomwa miaka mingi katika Taifa Leo.

Nakala moja ya Sani ilizunguka nyumba nyingi. Ilipochoka iliishia kwa muuza karanga, ikakatwa vipande, ikasokotwa koni. Mara ngapi nimemaliza karanga nikaifungua koni, nikakuta nusu ya kisa, Lodi Lofa ameinua mguu kukimbia na sijui anamkimbia nani! Nusu iliyobaki niliichora mwenyewe. Na sikuwa peke yangu. Mtaani kwetu tulikuwa wanne, kila mmoja na mwisho wake.

Tulinakili hivi. Unachukua karatasi nyeupe iliyochanwa katikati ya daftari, unaipaka mafuta ya nazi kwa pamba, kidogo sana, unaianika juani hadi iwe kama kioo cha ukungu. Unailaza juu ya ukurasa wa Sani, unafuata mistari kwa penseli. Mafuta yakizidi, penseli inateleza, na Sani ya watu inapata doa, hapo utaeleza. Baada ya wiki kadhaa mkono unaanza kukumbuka wenyewe. Unaacha mafuta. Unamchora Pimbi kwa kichwa, halafu siku moja unamvalisha jezi ya timu yako, na kuanzia siku hiyo huyo Pimbi ni wako.

Katika daftari moja nimemkuta Ndumilakuwili anafuga njiwa. Sikumbuki nilimpa njiwa kwa sababu gani. Nadhani ni kwa kuwa kaka yangu alikuwa anafuga. Mikono yake mikubwa mno, macho hayalingani, lakini njiwa wana uhai. Daftari la pili halina kurasa kumi na mbili za nyuma. Mwalimu wangu mmoja wa shule ya msingi alizichana mbele ya darasa, akanipa fimbo nne, akasema daftari la hesabu halikuletwa kwa ajili ya wahuni. Fimbo nimezisamehe. Zile kurasa bado zinaniuma.

Mkono uliotufundisha wengi wetu ulikuwa wa Philip Ndunguru, msanii wa Sani. Alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwapokea, wakaendelea kuwachora toleo baada ya toleo, na msomaji mwenye jicho angeweza kuona mkono umebadilika: pua imerefuka kidogo, viatu vimenenepa. Wahusika wa mtu hawawezi kuendelea hivyo kama hakuna kizazi kilichokwisha kuwachora kwa mapenzi tu, bila malipo, nyuma ya madaftari ya hesabu. Huo ndio uliokuwa mtaji, na haukutoka benki wala wizarani.

Alhamisi

Nilikuwa na shughuli Oysterbay, nikapita Morogoro Stores. Hapo ndipo Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake mwaka 1968, amezichora kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Alipigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Vijana wachache, wengi wao ndugu zake, walikuwa wamejifunza kwa kukaa ubavuni pake na kunakili chui wake, ndege wake na madoa yake. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na wajukuu wa kunakili kule bado wako kule kule wanachora. Watu wanaodharau kunakili waende wakatazame.

Ijumaa

Kijana mmoja wa duka la fulana pale Mbagala Rangi Tatu amemwambia kinyozi kwamba ile picha ya Kipanya na waya inafaa kuchapwa, wataigawana faida. Kinyozi ameniuliza nina maoni gani.

Nimemjibu bila kuzunguka. Mtoto kumchora Kipanya na kumbandika ukutani ni heshima kwa mchoraji, na sijui mchoraji ambaye angekasirika. Kuchapa fulana za kuuza ni jambo jingine. Kipanya ana mwenyewe, na nchi hii ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Anayetaka kuuza amfuate mwenye panya, amwombe, wakubaliane. Nimemwambia pia kwamba yule mama muuza mihogo na yule muuza chipsi aliyeacha mayai ni wahusika wa mdogo wake mwenyewe, hakuwatoa popote. Hao anaweza kuwachapa kesho asubuhi.

Wajapani walilipa jambo hili la msomaji kuchora wahusika wa wengine nafasi yake. Desemba 1975, jijini Tokyo, wapenzi wa vibonzo walikodi ukumbi wakaleta vijitabu walivyochora wenyewe, vingine vikiwa na wahusika waliowapenda kutoka majarida makubwa. Walihudhuria watu wapatao 700. Soko hilo, Komiketi, sasa linajaza kumbi kubwa za maonyesho kwa mamia ya maelfu ya watu, na wachoraji kadhaa mashuhuri walianzia kwenye meza zake.

Sisi hatuna haja ya kwenda kutafuta ukumbi mbali. Viwanja vya Sabasaba viko hapa hapa Temeke, Barabara ya Kilwa. Kila Julai tunaonyesha matrekta, majiko na vitenge. Meza sita za watoto wanaochora vibonzo zingekaa kwenye kona moja, na zingejaa watu.

Mfano wa nyumbani pia tunao. Mchora katuni Nathan Mpangala, baba wa Kijasti, kwa miaka kadhaa amekuwa akiwaongoza wasanii wenzake kwenda Muhimbili kuchora pamoja na watoto wanaotibiwa saratani, katika mpango alioupa jina la Wafanye Watabasamu. Mtoto mwenye sindano mkononi anapewa rangi, anachora anachotaka. Najua wachoraji wengi hodari nchini. Kwangu hii ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanywa na mchora katuni wa Tanzania, na nasema hivyo nikijua uzito wake.

Jumamosi

Nimemkuta msanii mwenyewe. Alikuwa nje ya saluni ameketi juu ya kreti la soda, karatasi mapajani, kandambili pembeni. Akasimama. "Shikamoo babu." Nikaitika, nikamwomba aendelee, asinijali.

Masikio ya Kipanya anayachora kwa kuzungushia penseli kifuniko cha mafuta ya kujipaka, ili yalingane. Akimaliza anafuta kidogo upande mmoja kwa raba aliyoikata kwa wembe ikawa na ncha, anachora upya kwa mkono mtupu. Nikamuuliza kwa nini anaharibu kitu kilichonyooka. Akanitazama kwa subira ya mwalimu. "Babu, akisikia kitu, sikio moja linageuka." Nikatazama tena ile ya ukutani. Kweli, sikio la kushoto limeelekea kule waya unakotoka, kwenye nguzo, kama vile panya amesikia umeme unataka kukatika.

Picha mpya haina gari. Kipanya yumo kwenye mtumbwi, na nyuma kuna minazi ya Kigamboni. Nilimuuliza gari limeenda wapi. Akasema gari limeshazoeleka, sasa anajifunza kuvua, ila hajapata samaki hata mmoja, kwa sababu anawaonea huruma. Amechora ndoano bila chambo. Nikaiona baadaye, alipokwisha kunionyesha kwa ncha ya penseli.

Nilimwachia penseli mbili laini na daftari lisilo na mistari. Kaka yake ameahidi kwamba kila picha inayotoka ukutani ataiweka ndani ya bahasha kubwa badala ya kuitupa, na nyuma ataandika tarehe.

Nami nakuomba wewe unayesoma. Pekua masanduku ya nyumbani. Ukikuta Sani ya zamani ambayo pembezoni mwake mtoto alichora Kipepe wake, au daftari la hesabu lenye Chakubanga kwenye kurasa za nyuma, usilipeleke kwa muuza karanga. Muulize mama au shangazi ni nani aliyechora, andika jina na mwaka nyuma yake kwa penseli, uliweke mahali pakavu pasipofika mchwa.