Besiboli ya Marekani: kijana wa ligi ndogo ni mfanyakazi, alipwe kama mfanyakazi

Familia nyingi zilizokimbia vita vya mashariki mwa Kongo na kupokelewa Marekani zinaishi leo katika miji kama Boise, Louisville na Des Moines. Huko, jioni za wakati wa joto, taa kubwa zinawaka juu ya uwanja, na watoto wanarudi nyumbani wakieleza mchezo ambao huku Kivu karibu hakuna anayeucheza: besiboli. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, wengine wanaukimbiza. Mzazi anasikiliza, kisha anauliza swali lake: hao vijana wanaocheza karibu kila siku, wanakula nini?

Ni swali zuri kuliko kuuliza nani ameshinda. Kwa miaka mingi wenye mchezo huo hawakutaka kulijibu.

Watu wengi, huku na huko, wanadhani kwamba kijana akisha kutia saini na ekipe ya Marekani, umaskini wa nyumbani umekwisha. Kwa wengi wao haiko hivyo. Saini ni mlango wa kwanza tu, na nyuma yake kuna ngazi ndefu.

Ligi Kuu ya besiboli ina ekipe 30. Chini ya kila ekipe kubwa kuna ekipe 4 za ligi ndogo, kila moja katika mji wake, zimepangwa kwa daraja: A, A ya juu, AA, na AAA ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Chini kabisa kuna ekipe za wanaoanza, huko Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Louisville ina ekipe ya AAA inayolisha Cincinnati Reds, na Des Moines inayo inayolisha Chicago Cubs. Mchezaji wa hapo anaweza kuitwa ekipe kubwa kesho asubuhi. Anaweza pia kufukuzwa kesho asubuhi. Wanaosafiri katika basi usiku kucha, mji hadi mji, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, wote wanajua kwamba sehemu kubwa yao hawatafika juu hata siku moja.

Mpango huu una mwenyewe. Miaka ya 1920, kiongozi wa St. Louis Cardinals aitwaye Branch Rickey aliona ekipe yake haina pesa za kununua wachezaji waliokwisha kukomaa. Akaanza kukusanya ekipe ndogo ili awalee mwenyewe, na wengine wakamwiga. Wamarekani wanauita mpango wa shamba mpaka leo. Mkulima wa Kivu anaelewa haraka: unapanda mbegu nyingi, nyingine zinaoza, na chache zinalipa msimu mzima. Tofauti ni kwamba mbegu za mahindi hazisikii njaa.

Kabla ya mwaka 2021, mchezaji wa daraja la A alikuwa na mshahara wa chini wa dola 290 kwa juma. Wa AA alipata 350, wa AAA 502. Hiyo ilikuwa kwa miezi ya mashindano tu. Mazoezi ya kabla ya msimu, ambayo mtu hawezi kuyakosa, hayakuwa na mshahara. Wachezaji walipanga nyumba moja watu watano au sita, wakalala chini juu ya magodoro ya kujaza hewa, na msimu ulipokwisha wakaenda kutafuta kazi nyingine. Kwa mtu anayehesabu franga, dola 290 inaweza kuonekana ni nyingi. Lakini ahesabu pia kodi ya nyumba na chakula cha Marekani, na aangalie kwamba mchezaji wa Ligi Kuu mwaka 2023 hakuweza kulipwa chini ya dola 720,000 kwa mwaka. Wote wawili wanafanyia tajiri mmoja.

Wenye ekipe walikuwa na jibu lao: hao si wafanyakazi kamili, ni vijana wanaojifunza kazi, tena kazi ya muda. Jibu hilo lina ukweli kidogo. Fundi seremala naye anakaa na wanafunzi ambao bado wanaharibu mbao. Lakini mwanafunzi wa seremala anaweza kuondoka Jumatatu akaenda kwa fundi mwingine. Mchezaji wa ligi ndogo alifungwa na ekipe moja kwa miaka 7, na ndani ya miaka hiyo hakuwa na haki ya kutafuta ekipe nyingine inayolipa vizuri zaidi. Ukimfunga mtu namna hiyo, ukampangia saa za kulala na kuamka, ukauza tiketi juu ya jasho lake, huyo ni mfanyakazi wako. Kumuita mwanafunzi ni njia ya kukwepa mshahara.

Serikali nayo ilisaidia upande wa wenye nguvu. Mwaka 2014 wachezaji wa zamani, Aaron Senne akiwa wa kwanza kwenye orodha, walifungua kesi mahakamani wakidai mshahara wa chini unaotakiwa na sheria. Kesi ikiwa bado inaendelea, mwaka 2018, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya bajeti yenye kurasa zaidi ya 2,000, na ndani yake kifungu kinachowaondolea wachezaji wa ligi ndogo haki ya kulipwa saa za ziada. Kifungu hicho kilipewa jina la kuokoa mchezo wa taifa. Ni nani aliyekuwa anaokolewa, kila mtu aliona.

Kilichobadilisha mambo ni wachezaji wenyewe kuungana. Mwaka 2022 ekipe zilianza kulazimishwa kuwapa nyumba za kulala. Mwaka huohuo kesi ilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 185, na mwezi wa tisa wachezaji zaidi ya 5,000 wa ligi ndogo waliingia katika chama cha wafanyakazi cha wachezaji wa Ligi Kuu. Mwezi wa tatu 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja katika historia. Mshahara wa chini wa daraja la A ulitoka dola 11,000 kwa mwaka ukafika 26,200. Wa AA ulitoka 13,800 ukafika 30,250, na wa AAA 17,500 ukafika 35,800. Anayetia saini akiwa na miaka 19 au zaidi sasa anafungwa miaka 6, si 7 tena. Si utajiri. Lakini mtu anaweza kula, kulala kitandani, na kutuma kitu nyumbani.

Mtu akisema kwamba mchezo umekufa kwa sababu ya mishahara hiyo, aonyeshe kaburi. Huko Dayton, Ohio, ekipe ya Dragons imeuza tiketi zote za kila mchezo wa nyumbani tangu ilipoanza mwaka 2000, nayo si ya AAA, iko chini huko kwenye daraja za A. Watu wanakuja na watoto, wanakula, wanacheka, na wengi hawajui hata majina ya wachezaji. Kwa mji wa kadiri hiyo uwanja ni sawa na soko la jioni.

Ndiyo sababu uamuzi mwingine wa miaka hiyo unastahili kulaumiwa. Ligi Kuu ilipunguza ekipe za ligi ndogo kutoka 160 hadi 120 kuanzia msimu wa 2021. Miji 40 na zaidi iliambiwa kwamba ekipe yake haina tena baba. Boise, ule mji wa wakimbizi wengi wa Kongo, ni mmoja wao: ekipe ya Hawks ilitolewa kwenye ngazi na kuhamia ligi ya pembeni ambayo hailishi ekipe kubwa yoyote moja kwa moja. Taa bado zinawaka, mpira bado unachezwa, ila njia ya kwenda juu imekuwa nyembamba zaidi. Wakati huohuo uchaguzi wa vijana wapya wa kila mwaka ulipunguzwa kutoka duru 40 hadi 20. Mike Piazza, mdakaji aliyeingia nyumba ya heshima ya besiboli mwaka 2016, alichaguliwa duru ya 62 mwaka 1988. Leo mtu wa namna ile asingeitwa hata jina. Wenye ekipe wanasema wanaweka nguvu kwa wachache wenye kipaji kinachoonekana. Wale ambao kipaji chao kinachelewa kuonekana, na watoto wa maskini wengi wako humo, hawakuulizwa.

Afrika nayo ina mtu aliyeipanda ngazi hiyo yote. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia katika chumba kidogo kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi. Alitia saini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Kutoka hapo alikaa ligi ndogo karibu miaka 9, akiwa mdakaji hodari wa uwanjani lakini gongo lake likisumbua. Tarehe 26 mwezi wa nne 2017 aliingia uwanjani na Pirates, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, na katika zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga mpira vizuri dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, mtupaji mwenye jina kubwa. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Michezo yote aliyocheza Ligi Kuu, Pittsburgh na Toronto pamoja, ni 41.

Miaka 9 kwa michezo 41. Wanaosimulia habari yake mara nyingi wanasimama kwenye ile siku moja ya furaha. Mzazi anayefikiri asimame pia kwenye ile miaka 9, maana ndiyo maisha yenyewe, na mshahara wa miaka hiyo ndio uliokuwa mshahara wake.

Jirani ya Kongo, nchini Uganda, mchezo huu umeshika mizizi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya karatasi zao. Jambo hilo halihitaji kuelezwa kwa familia iliyokimbia usiku na kuacha vyeti vya kuzaliwa ndani ya nyumba. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza kule. Tangu hapo vijana wa Uganda wameanza kusajiliwa: Ben Serunkuma na Umar Male walichukuliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na mtupaji David Matoma akachukuliwa na Pittsburgh Pirates. Ni habari ya furaha kwa ukanda mzima, na siku moja huenda mtoto wa Kikongo aliyekulia ukimbizini Uganda akawa kwenye orodha hiyo.

Hapo ndipo penye shida. Kijana wa nchi za nje anaweza kusajiliwa akiwa na miaka 16, na wengi wanapelekwa kwanza Jamhuri ya Dominika, ambako ekipe zote 30 zina vituo vya mafunzo. Ule mkataba wa 2023, wenye mishahara mipya na ulinzi wa chama, unahusu wachezaji walio kwenye ekipe za Marekani. Vijana wa vituo vya Dominika hawamo. Kwa maneno mengine, walio wadogo zaidi kwa umri, walio mbali zaidi na nyumbani, wasiojua lugha ya mkataba waliotia saini, ndio walioachwa nje ya mlango. Huko pia kuna makamisioneri wanaowalea watoto tangu wana miaka 12 au 13, kisha wanakata sehemu yao kwenye pesa za saini. Wengine ni walimu wa kweli. Wengine ni wafanyabiashara tu, na mtoto aliyeumia bega hawamjui tena.

Mkataba wa sasa ni wa miaka 5, unakwisha mwaka 2027. Chama kilichowatoa wenzao kwenye magodoro ya hewa kiende kwenye meza hiyo na majina ya vijana wa Dominika mkononi. Kuwaacha nje kwa mara ya pili itakuwa kuchagua, si kusahau.

Kwa wazazi walio Kampala, Nakivale, au hata Louisville, ambao mtu amewafuata akisema mtoto wao ana mkono wa dhahabu, kuna mambo ya kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mtoto atapelekwa nchi gani kwanza? Atalipwa kiasi gani kwa mwezi, na miezi ambayo hakuna mashindano? Nani analipa daktari akiumia, na tiketi ya kurudi akifukuzwa? Atasoma shule wapi? Anayezungumza anachukua asilimia ngapi? Majibu yaandikwe, kwa lugha ambayo mzazi anaisoma, na nakala ibaki nyumbani kwa mzazi, si kwenye simu ya kamisioneri.