Hongera Si Jibu

Nitasema jambo ambalo pengine litaninyima mwaliko wa hafla mbili tatu za uzinduzi wa vitabu, na potelea mbali. "Hongera sana, kazi nzuri" ni tusi. Ni tusi lenye adabu, limevaa kanzu na kujipaka marashi, lakini ni tusi. Ukilivua ile kanzu linabaki hivi: kitabu chako sijakisoma, sina mpango wa kukisoma, ila nisingependa uninunie.

Eti nazidisha? Haya. Miaka michache iliyopita rafiki yangu alitoa riwaya. Aliichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 500, kwa mkopo wa SACCOS. Kabla ya kupeleka kiwandani aligawa mswada kwa watu 9, wote watu wa vitabu, wanaojua kusoma na wanaojulikana kwamba wanajua kusoma. Mimi wakati huo nilikuwa safarini, sikuwamo. Mswada ukarudi na maneno matamu. Kalamu yako ina moto. Umeupiga mwingi, kaka. Mmoja wao akaandika na dibaji kabisa, akasema mwandishi huyu "amejenga wahusika wanaoishi".

Sasa sikiliza. Katika sura ya 4 mjomba wa mhusika mkuu anafariki. Anaoshwa, anazikwa, watu wanasoma hitima na kutawanyika. Katika sura ya 9 mjomba yuleyule kaketi mkekani kwenye harusi, anakula pilau na kulalamika kwamba nyama haijaiva. Si mzimu, si ndoto, wala si ule uhalisia wa mazingaombwe tunaousifia siku hizi. Ni mwandishi alibadilisha mpango wa hadithi katikati ya safari akasahau kurudi nyuma kufuta nyayo. Linampata kila mwandishi duniani, ndiyo maana miswada husomwa na wengine kabla ya kuchapwa. Kuhusu dibaji sina neno: wahusika wanaishi kweli, hata baada ya kuzikwa.

Nilipomwambia hakufoka. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Sasa wale 9 walikuwa wanasifu nini?"

Swali hilo mimi sina jibu lake mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike kwa hasira. Kwa sababu mkopo ni wake. Jina lililo kwenye jalada ni lake. Wale waliosifu hawakupoteza chochote, hata usingizi.

Kinachoniudhi zaidi ni kusikia watu wakilitetea jambo hili kwa jina la utamaduni. Sisi Waswahili, wanasema, hatuambiani mabaya usoni. Utamaduni gani huo, jamani? Fasihi yetu imekua kwa kujibizana. Muyaka wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, hakukaa peke yake barazani akitunga kwa ajili ya kabati. Alitunga akiwajibu watu, na watu wakamjibu, Mvita na Lamu zikirushiana beti siku zile miji hiyo miwili ilipokuwa ikitafutana kwa silaha. Kamange na Sarahani wa Pemba mpaka leo hutajwa kwa pumzi moja, na kitabu kilichotoka mwaka 2011 kimewaweka bega kwa bega kwenye jalada. Baadaye magazeti yakachukua kazi ya baraza. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji, na desturi hiyo ikaendelea katika magazeti mengine, Tanzania na Kenya, miongo na miongo. Mtu wa mji mmoja anauliza, mtu wa mji mwingine asiyemjua hata sura anamjibu.

Na hapa naomba msomaji unipe subira kidogo, maana hapa ndipo penye mambo. Tazama namna jibu lilivyotakiwa kuwa. Aliyeuliza ametunga shairi la mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane kule, vina vya kati hivi na vya mwisho vile, na kibwagizo chake. Anayejibu kwa kawaida hushika bahari ileile. Mara nyingi hushika na vina vilevile. Hodari kabisa huchukua kibwagizo cha mwenzake akakipindua neno moja tu, kikamrudia mwenyewe kama mpira uliogonga ukuta. Sasa niambie, hilo utalifanyaje bila kusoma? Haiwezekani. Umbo lenyewe la jibu lilikuwa cheti kwamba umeusoma ubeti wa mwenzako, umeuhesabu, umeuweka mdomoni ukaujua uzito wake. Huwezi kumjibu mtu kwa mizani yake huku hujui mizani yake ni mingapi. Wazee hawakuhitaji kuwahimiza watu wasome kwa makini; kanuni ya mchezo ilimfukuza asiyesoma kabla hajafungua kinywa.

Walitukanana? Ndiyo, tena sana, na baadhi ya matusi yale ni fundi kuliko mapenzi ya washairi wetu wa leo. Lakini hata tusi lilikuwa limesoma.

Au chukua ugomvi wa mashairi huru. Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi zilitoka mwaka 1954 na wengi wakazishika kama msahafu. Kisha mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabika, na moto ukawaka. Mulokozi na Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, mwaka 1979, wakieleza kwa nini ushairi hauishii kwenye vina. Mayoka, upande wa pili, aliliweka neno mgogoro kwenye jina la kitabu chake. Unaweza kuwaona wahafidhina wale kuwa wagumu kama jiwe la kusagia, mimi nawaona hivyo kwa mengi, lakini walifanya heshima moja kubwa: walikaa chini, wakasoma, wakaandika vitabu vizima kujibu. Leo mtu akichapisha diwani ya kuvuruga kila kitu, atapewa shada la maua na kupigwa picha. Sijui kama kuna adhabu mbaya zaidi kwa mwasi kuliko kupigiwa makofi na wasiojua ameasi nini.

Shule nayo ina mchango wake, nisiiache. Tulifundishwa kuijibu kazi ya fasihi kwa orodha: dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Kinasadifu, mwalimu, kimesadifu tena! Ni mizani nzuri ya kupitia mtihani. Lakini nimeona watu wazima wenye shahada wakiisimamisha mbele ya kitabu kipya kama askari wa kizuizini anayekagua leseni, wanaandika kurasa sita, na mwishoni huwezi kujua kama kitabu kiliwachekesha, kiliwachosha au kiliwafanya wapitwe na kituo cha daladala.

Hoja ya upande wa pili naijua, nimeambiwa mara nyingi na watu ninaowaheshimu: usimvunje moyo chipukizi. Waandishi wenyewe wachache, soko dogo, wachapishaji wanataka vitabu vya kiada tu. Ukimkosoa huyu ataacha, tutabaki na nani? Ina uzito, sikatai. Lakini mbona kwa mafundi wengine hatusemi hivyo? Fundi cherehani mwanafunzi akishona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, hatumwambii hongera sana halafu tukavaa shati lile msibani. Tunamwambia fumua. Tunamwambia kwa upole kama ni mtoto wa dada yetu, kwa ukali kama tumeshalipa, lakini tunamwambia, kwa sababu tunaamini kwamba anaweza kushona. Anayemsifu mwandishi ovyo ameshakata tamaa naye. Amemweka kundi moja na mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wale wengine, wanaokuja na nyundo. Wapo, nawajua. Huyu akikuta "haina" imeandikwa "aina" ukurasa wa 3 anafunga kitabu na kutangaza kwamba Kiswahili kimekufa. Yule anataka riwaya yako ya mapenzi ya Tandika iwe riwaya ya ukombozi, kwa vile hiyo ndiyo angeiandika yeye kama angekuwa na muda. Nao hawajasoma. Wamejitazama tu kwenye kioo cha kitabu cha mwenzao. Tofauti yao na wale wa hongera ni sauti.

Jibu la kweli huwa dogo kuliko watu wanavyodhani. Halihitaji shahada. Bibi mmoja muuza vitumbua, jirani yangu, alisomewa hadithi fupi ya kijana wa mtaani kwetu, akasema, "Huyo mwanamke hawezi kuwa amelia pale. Angelia akishafika nyumbani." Basi. Kijana alikaa na sentensi hiyo wiki nzima na akaiandika upya ile sehemu, na mimi nimesoma zote mbili, ya kwanza na ya pili. Bibi alionyesha mahali, akasema kilichomtatiza, akanyamaza. Hakumwandikia hadithi yake. Hakumwambia ana kipaji wala hana.

Mezani kwangu sasa hivi pana mswada wa dada mmoja wa Tanga ambaye sijawahi kumwona. Kurasa 140. Nimefika ya 88, kwa penseli, na sitampa neno lolote la jumla mpaka nimalize. Swali langu la kwanza kwake liko ukurasa wa 17: kwa nini baba anapoondoka anachukua redio na kuacha betri? Kama ni makusudi, ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu. Kama si makusudi, natumaini hataifuta.