Waya wa ethi usikatwe ili kuzima mvumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nami nitoe maoni yangu kuhusu tabia ya baadhi ya mafundi wa redio na sabufa, ambayo naona inahatarisha maisha ya wananchi.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, umeme umepanda hata huku milimani Upare, na kila mwenye uwezo anataka sabufa sebuleni. Jambo hilo si baya. Lakini akishaunganisha amplifaya, televisheni na king'amuzi, spika huanza kuvuma hata kabla ya muziki. Anaitwa fundi. Fundi anafungua plagi ya pini tatu, anakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Mvumo unakoma, analipwa, anashuka zake Same mjini.

Je, huko ndiko kutengeneza? Waya ule umewekwa ili umeme ukivuja na kugusa kasha la chuma la amplifaya, upite ardhini na fyuzi ikatike. Ukikatwa, njia inabaki kuwa mwili wa yule atakayeshika kwanza, na aghalabu huyo ni mtoto. Umeme wetu ni wa volti 230. Huku milimani ukungu ukishuka sakafu huloa, na wanafunzi wangu wengi wakiwa nyumbani hawavai viatu. Kule tambarare nako ardhi ni kavu, fimbo ya ethi haishiki vizuri. Nyumba za huko zinahitaji kuongezewa kinga, si kupunguziwa. (Wale wanaosukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, hao wanahitaji barua yao peke yao.)

Mara nyingi mvumo hutokea kwa sababu vyombo vimechomekwa soketi mbalimbali, kila kimoja na ethi yake, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti au wa dishi. Hapo hufanyika kitanzi, na umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hupenya na kusikika kwenye spika. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Nyaya za sauti zisilale pamoja na za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Bado unavuma? Zima, chomoa nyaya zote za sauti nyuma ya amplifaya, kisha washa. Ukikoma, rudisha waya mmoja mmoja mpaka umpate mkorofi. Usipokoma, ubovu umo ndani, na mara nyingi ni kapasita zilizochakaa. Hizo mwachie fundi hodari, maana huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Mzazi ambaye fundi amekwisha kupita kwake, chomoa plagi jioni hii, uifungue, uhesabu nyaya. Kama chombo kina alama ya mraba ndani ya mraba, kiliundwa kitumie nyaya mbili tu. Kama hakina, na waya wa tatu umekatwa, usikiwashe mpaka urudishwe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Same, Kilimanjaro.