Viti 80 na Nusu ya Wapiga Kura

Uchaguzi mkuu uliofanywa Uingereza tarehe 12 Desemba 2019 ungali unatajwa kana kwamba ulikuwa hukumu ya taifa zima juu ya Brexit, yaani kujitoa kwa nchi hiyo katika Umoja wa Ulaya. Chama cha Conservative, kikiongozwa na Boris Johnson, kilinyakua viti 365 katika Bunge la wabunge 650, kikawazidi wapinzani wake wote kwa viti 80. Siku 50 baadaye, tarehe 31 Januari 2020, Uingereza ikatoka. Anayetazama viti peke yake hana la kuuliza. Sisi twamwomba msomaji atazame kura.

Chama cha Conservative kilipata asilimia 43.6 ya kura zote. Labour, Liberal Democrats, SNP cha Uskoti, Greens na Plaid Cymru cha Wales, ambavyo vyote viliahidi ama kura nyingine ya maoni ama kufutwa kwa mpango mzima, vilipata kwa jumla zaidi kidogo ya nusu. Hatudai kwamba kila aliyekipigia kura chama cha Labour alitaka kubaki Ulaya. La hasha, wengi wao hawakutaka. Wala hatusahau kwamba katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 walichagua kutoka. Tunalosema ni kwamba mwaka 2019 upande mmoja ulikwenda debeni ukiwa umeshikamana, na mwingine ukiwa vipande vipande.

Ushahidi upo. Mwaka 2017 Theresa May, akiongoza chama hicho hicho cha Conservative, alipata kiasi cha asilimia 42 ya kura na akapoteza wingi wake Bungeni. Johnson aliongeza asilimia moja na ushei tu, na viti vikapanda kutoka 317 hadi 365. Hapana muujiza hapo. Tarehe 11 Novemba 2019 Nigel Farage alitangaza kwamba chama chake cha Brexit hakitasimamisha wagombea katika maeneo yote 317 ambayo Conservative ilikuwa imeshinda mwaka 2017. Kwa upande wa pili, Liberal Democrats, Greens na Plaid Cymru walipatana kuachiana nafasi katika maeneo 60, lakini Labour, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote hivyo, hakikuingia katika mapatano hayo.

Tazama eneo la Kensington, mjini London, ambako wengi walikuwa wamepiga kura ya kubaki Ulaya. Mgombea wa Conservative alishinda kwa kura 150. Mgombea wa Liberal Democrats, aliyeshika nafasi ya tatu, alipata zaidi ya kura 9,000. Wakazi wa Kensington waliotaka kubaki walikuwa wengi, na mbunge wao akawa wa chama cha kutoka.

Wakenya hawahitaji kuelezwa habari hizi kwa kirefu. Mfumo wa kumpa kiti anayewatangulia wenzake, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka, tuliurithi kwa Waingereza wenyewe. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa kuwa upinzani uligawanyika. Katiba ya mwaka 2010 ilirekebisha jambo hilo kwa urais kwa kudai zaidi ya nusu ya kura, lakini wabunge wetu wangali wanachaguliwa kwa desturi ile ya zamani. Waingereza nao waliulizwa tarehe 5 Mei 2011 kama wangependa mpiga kura aruhusiwe kuwapanga wagombea kwa mfuatano wa chaguo lake, na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walikataa. Walijichagulia wenyewe.

Ndani ya vyama mambo yalikuwa mazito zaidi. Mnamo Septemba 2019 Johnson aliwafukuza wabunge 21 katika kundi la chama chake Bungeni kwa sababu walipiga kura ya kuzuia nchi isitoke Ulaya bila mapatano. Miongoni mwao walikuwamo waliopata kuwa Mawaziri wa Fedha, na mjukuu wa Winston Churchill. Msomaji aliyeishi katika Kenya ya chama kimoja anajua uzito wa kufukuzwa chamani, ingawa kule mfukuzwa hakunyang'anywa kiti chake palepale. Hata hivyo, wale waliothubutu kusimama bila chama mwezi wa Desemba waliangushwa, kila mmoja. Chama kikabaki na watu wa kauli moja.

Labour hakikuwa na kauli hata moja. Nusu ya nyumba ilikuwa ya vijana wa mijini waliotaka Ulaya. Nusu nyingine ilikuwa ya miji ya viwanda na migodi iliyotaka kutoka. Jeremy Corbyn alijaribu kuwaridhisha wote wawili. Huko Bolsover, Dennis Skinner, aliyekuwa mchimba makaa ya mawe na mbunge tangu mwaka 1970, alipoteza kiti kwa Conservative. Sedgefield, eneo lililokuwa la Tony Blair, likaenda huko huko.

Na wako waliodhani wameshika funguo. Chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini kilikuwa na wabunge 10 tu mwaka 2017, nao ndio waliomweka May madarakani. Johnson alipopata wingi wake, hakuwahitaji tena, na mapatano yake na Ulaya yakaleta ukaguzi wa bidhaa kati ya Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, jambo ambalo DUP iliapa kulipinga. Vyama vidogo vinavyofurahia kuitwa mezani na serikali dhaifu vingefaa kulitafakari hili.

Tarehe 4 Julai 2024 gurudumu liligeuka. Labour kilipata viti 411 kwa asilimia 33.7 ya kura, na idadi ya waliokichagua ilikuwa ndogo kuliko mwaka 2019 kiliposhindwa vibaya. Safari hii waliogawanyika walikuwa wa upande wa kutoka: chama cha Reform cha Farage kilizoa asilimia 14.3 ya kura na kupata viti vitano. Lakini Labour kiliingia kwenye uchaguzi huo kikiwa kimeahidi kutorudi katika soko la pamoja la Ulaya wala katika umoja wa forodha. Mwingereza aliyetaka nchi yake irudi Ulaya alikuwa na vyama vya kupigia kura, ila kati ya viwili vilivyoweza kuunda serikali hapakuwa na hata kimoja kilichosimama naye.