Jina lililofichwa watoto

Katika mkutano uliopita mama mmoja wa kikundi chetu alileta neno lililotunyamazisha wote. Mjukuu wake ameanza kuuliza: babu yangu ni nani, na kaburi lake liko wapi? Babu huyo alifia gerezani. Tangu siku ile jina lake halitajwi nyumbani. Wengine walisema mtoto akue kwanza, wengine walisema aambiwe leo. Tuliachana bila kupatana. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya ukoo wa mbali uliopita njia hiyo hiyo, tusije tukamgusa mtu wa kwetu.

Ukoo huo ni wa Dublin, mji mkuu wa Irlandi. Huko kuna uwanja unaoitwa Merrion Square, wenye bustani katikati na nyumba ndefu za matofali zilizoanza kujengwa katika miaka ya 1760. Watu wenye cheo ndio waliokaa pale. Mwaka wa 1855, daktari William Wilde aliingia nyumba namba 1 pamoja na bibi yake Jane na watoto wao. William alitibu macho na masikio. Jane alikuwa mwandishi: wakati wa njaa kubwa iliyoua watu karibu milioni moja katika Irlandi, yeye, akiwa bado hajaolewa, aliandika mashairi ya kutetea watu wake.

Jane alipenda sana mambo ya ukoo. Alidai kwamba kwao wanatoka kwa Dante, yule mshairi mkubwa wa Italia. Ushahidi hakuna. Tunaweza kumcheka, lakini ni nani kati yetu asiyekuwa na mjomba anayesema sisi ni damu ya mwami?

Nyumba ile iliona pia kilio. William alikuwa na watoto watatu aliowazaa kabla ya ndoa. Mabinti wawili kati yao walikufa mwaka wa 1871 baada ya nguo zao kushika moto katika sherehe. Isola, binti wa Jane mwenyewe, alikuwa amekufa mwaka wa 1867, hajatimiza miaka 10. Ndugu yake Oscar alitunza nywele zake ndani ya bahasha mpaka kufa kwake.

Oscar huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, akajulikana sana London. Alimwoa Constance Lloyd, wakapata wavulana wawili, Cyril na Vyvyan. Mwaka wa 1895 alihukumiwa miaka miwili ya gereza kwa sababu ya mapenzi kati ya wanaume, ambayo sheria ya Uingereza wakati ule iliadhibu. Constance alikimbiza watoto nje ya nchi. Huko Uswisi waliombwa kuondoka katika hoteli kwa sababu ya jina lao. Ndipo akalibadilisha: wakawa Holland, jina lililokuwa katika ukoo wake yeye. Watoto wakakatazwa kulitaja lile la zamani.

Hatumlaumu Constance. Mama mwenye watoto wawili na jina linalowafukuzisha anafanya anachoweza. Tena, Jane alipokufa mwaka wa 1896, Constance alisafiri kutoka Italia, akiwa mgonjwa, mpaka gerezani Uingereza, ili Oscar asisikie kifo cha mama yake kwa kinywa cha mgeni. Yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 1898.

Lakini wasikilizeni watoto. Vyvyan alikuwa na miaka 8 tu baba yake alipofungwa. Hakuelezwa kosa, akabaki kukisia peke yake, hata akafikiri labda ni wizi. Mwaka wa 1900 walipomwambia shuleni kwamba baba amekufa, alishangaa: alidhani amekwisha kufa zamani. Alikaa mpaka 1954 ndipo akaandika habari hizo katika kitabu, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60.

Sisi tuliokuwapo mwaka wa 1972, majina ya ubatizo yalipoondolewa kwenye karatasi zetu, tunajua kidogo namna jina linavyoweza kubadilishwa. Lakini sisi tulijua sababu, na nyumbani tuliendelea kuitwa Marie na Joséphine. Watoto wale hawakuachiwa hata hilo.

Kwa maoni yetu, mjukuu aambiwe sasa, kwa kipimo cha miaka yake: babu aliitwa hivi, alikosa, alifungwa, alifia kule. Mengine atauliza.

Leo katika bustani ya Merrion Square, mbele ya namba 1, kuna sanamu ya Oscar amejilaza juu ya jiwe, na karibu yake sanamu ndogo ya Constance akiwa na mimba. Mwana wa Vyvyan anaitwa Holland mpaka leo.

Mama yetu amesema Jumamosi ataleta picha ya yule babu. Iko moja tu, ilikuwa chini ya sanduku la nguo.