Hadubini za malaria zisiachwe zipate vumbi

Mgonjwa mwenye homa akifika kituo cha afya siku hizi, hutobolewa kidole na kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Ndani ya dakika 20 jibu limetoka. Huko vijijini kusiko na umeme kimeokoa wengi, na sina ugomvi nacho.

Lakini aina inayotumika zaidi kwetu hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Haikuambii kama dawa imefanya kazi. Hadubini hukuambia. Tone la damu kwenye kioo, rangi ya Giemsa, ukuzaji wa mara 1,000, na mtaalamu wa maabara anaviona vimelea na kuvihesabu. Akivikuta bado siku ya tatu ya matibabu, huenda artemisinini inachelewa kuviua.

Usugu wa kiasi dhidi ya dawa hiyo umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Abiria anayevuka Rusumo au Mutukula huvuka na damu yake.

Kwa hiyo kila kituo cha afya cha mpakani kiwe na hadubini nzima na mtu wa kuisoma. Mtu ndiye mgumu kupatikana: jicho hilo hujengwa kwa kusoma vioo vingi, na likikosa kazi hufifia. Majibu ya siku ya tatu yapelekwe Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, Bujumbura, nchi zote ziyaone kwa pamoja.