DADA, TV IMEANGUSHWA NA KIKI ZAKO, SI FUNDI!

Jina kapuni, lakini klipu imeshapita kila simu ya mjini. TV ya inchi 32 iko kifudifudi kwenye marumaru, na staa wa maigizo amesimama pembeni na dera lake anamwaga povu: mafundi wa Bongo matapeli, huyu kaniulia TV, namba yake hii hapa, msimpe kazi. Haikupita hata siku, jeshi lake likahamia kwa fundi. Matusi, simu za usiku wa manane, mpaka mke wake katajwa.

Haya, rudini nyuma wiki tatu kwenye ukurasa huohuo. Klipu ya "sebule mpya" bado ipo, kasahau kuifuta. Na safari hii msiangalie makochi.

Fundi anaonekana akigonga ukuta kwa vidole: du, du, du. Mtupu. Ule si ukuta wa tofali, ni jipsamu iliyowekwa kutenganisha sebule na chumba, bodi ya milimita 12 hivi, nyuma yake hewa. Fremu za bati zimo ndani, ila kutoka moja hadi nyingine ni sentimita 40 au 60. Fundi anasema, na sauti inasikika kabisa, kwamba pale katikati hakuna fremu. Tusogeze kidogo kushoto, dada, au tufunge kipande cha plaiwudi kwenye fremu mbili, halafu TV ikae juu yake. Dada anacheka. Kusogeza kutaharibu muonekano. Plaiwudi itaharibu muonekano. Wageni wanaingia saa kumi na mbili. "Wewe toboa tu, bwana!"

Kwenye komenti sasa wamejaa wajuaji: eti jipsamu haibebi TV. Uongo. TV ya inchi 32 ikitolewa miguu mara nyingi ina kilo nne mpaka sita, mtungi mdogo wa gesi uliojaa ni mzito kuliko hiyo. Jipsamu bila fremu inabeba huo uzito vizuri tu, ila kwa masharti. Kuna bolti zenye mabawa, zinaingia tunduni zimekunjwa, zikifika nyuma ya bodi zinafunguka na kuing'ang'ania. Nne zinatosha, na braketi iwe ile bapa inayolala ukutani, ili uzito uvute kwenda chini.

Fundi alitaja hizo bolti pia. Jibu likawa: hela ya kuongeza hakuna. Hela ya keki ya ghorofa tatu ilikuwepo, keki iko palepale mezani kwenye klipu. Kwa hiyo zikatumika plagi za plastiki, ambazo kazi yake ni tofali na zege. Zinakamata kwa kubanwa, na jipsamu ni chaki iliyovikwa karatasi, haina cha kubana. Inasagika.

Halafu ndiyo linakuja lile la kiki lenyewe. Dada hakutaka braketi bapa, alitaka ya mkono, ile ya kuvuta TV mpaka mbele na kuizungusha iangalie meza ya chakula. TV ikivutwa mbele, mkono unageuka mtaimbo, skrubu za juu zinang'olewa kidogo kidogo. Na klipu inamwonyesha anavuta, anarudisha, anavuta tena, anacheka na kamera. Mara sita! Hesabuni wenyewe.

Fundi ana kosa lake, alikubali. Angefunga begi aondoke. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kodi ya mwezi ujao mfukoni.

Na kitu ambacho jeshi hawakigusi kabisa: siku moja kabla TV haijaanguka, dada aliposti mwanawe akichezea gari lake la plastiki chini ya ukuta ule ule. Mashabiki wakaweka mioyo. Pale pale ndipo kioo kilipopasukia.

Dada, TV utapata nyingine, matangazo unayo. Futa ile namba. Mpaka leo asubuhi bado ipo kwenye ukurasa wako, na yule baba kazima simu kwa sababu ya matusi ya watu wako. Simu hiyohiyo ndiyo inayomletea kazi.